Dopanti katika Leza za Uzi zenye Nguvu Kubwa

dopanti *nm* [i-/zi-] Elementi inayotiwa kwa makusudi, na kwa kiasi kidogo, ndani ya kioo, fuwele au nusukipitishi ili kukipa kitu hicho sifa ambayo hakikuwa nayo. Wingi haubadiliki: *dopanti hii, dopanti hizi*. Kitenzi: *kutia dopanti*, kauli ya kutendwa: *kutiwa dopanti*.

Makala haya yanalieleza neno hilo katika uwanja mmoja, yaani leza za uzi wa kioo zenye nguvu kubwa, ambazo hutumika viwandani kukatia na kuunganishia vyuma. Katika uwanja huo dopanti ndiyo inayozalisha mwanga wa leza, na dopanti hiyohiyo ndiyo inayoweka mpaka ambao nguvu ya leza haivuki kwa urahisi. Mfasiri asiyeuona uwili huo huweza kuandika sentensi zilizo sahihi kisarufi ilhali zimegeuza maana ya matini asilia.

1. Asili ya neno na istilahi za karibu

Neno limeingia katika Kiswahili kwa kupitia Kiingereza. Asili yake ya mbali ni neno la Kiholanzi *doop*, lenye maana ya mchuzi wa kuchovyea, ambalo lina uhusiano na kitenzi cha kuchovya. Asili hiyo inaafikiana na kazi yenyewe. Njia mojawapo mashuhuri ya kutengeneza nyuzi hizi ni kulowesha tabaka la kioo lenye vinyweleo katika mmumunyo wa chumvi ya elementi inayotakiwa, kisha kulikausha na kuliyeyusha hadi liwe kioo kizima. Kipande kinachopatikana hupashwa moto na kuvutwa kuwa uzi mrefu.

Istilahi zifuatazo huandamana na neno hili:

*Uzi* (wingi: *nyuzi*) ni utepe mmoja mwembamba wa kioo. Katika Tanzania neno *mkongo* hutumika kwa kebo nzima ya mawasiliano, na katika Kenya neno *faiba* hutumika hata kwa huduma ya intaneti inayopita humo. Katika matini za leza, neno linalofaa ni *uzi*, kwa kuwa leza hutengenezwa kwa uzi mmoja wenye dopanti na wala si kwa kebo.

*Kiini* ni sehemu ya katikati ya uzi, ambamo mwanga wa leza husafiri. *Gamba* ni tabaka la kioo linalokizunguka. Katika leza zenye nguvu kubwa, kiini aghalabu huwa na kipenyo cha maikromita 20 hadi 30, na gamba huweza kufikia maikromita 400.

*Mwanga wa kulishia* ni mwanga unaoingizwa katika uzi, mara nyingi kutoka kwenye diodi, ili dopanti iufyonze na kuutoa upya ukiwa mwanga wa leza.

*Ukolezi* ni kiasi cha dopanti kilichomo katika ujazo fulani wa kioo. Nomino hii inatokana na *kolea*, kama chumvi inavyokolea katika mchuzi. Uhusiano huo humsaidia mwanafunzi: chumvi isipokolea chakula hakina ladha, na ikizidi hakiliki.

2. Namna dopanti inavyofanya kazi

Kioo safi cha silika hupitisha mwanga, lakini hakiwezi kuukuza. Ukuzaji unahitaji ioni zinazoweza kupokea nishati, kuihifadhi kwa muda, kisha kuitoa pale zinapochochewa na mwanga unaopita. Kazi hiyo hufanywa na ioni za lanthanidi, kundi la elementi ambalo magazeti hulitaja kwa jina la *madini adimu*. Katika matini za fizikia ni afadhali kusema *lanthanidi* au *elementi*, kwa kuwa kilichomo katika uzi ni ioni moja moja zilizosambaa katika kioo, wala si madini.

Kila fotoni ya mwanga wa kulishia ina nishati kubwa kuliko fotoni ya leza inayotoka. Tofauti ya nishati kati ya fotoni hizo mbili hubaki ndani ya uzi ikiwa joto. Kwa hiyo kuchagua dopanti ni kuchagua pia kiasi cha joto kitakachozaliwa, hata kabla ya kasoro nyingine yoyote kuhesabiwa.

3. Dopanti tendaji

*Dopanti tendaji* ni ile inayotoa mwanga wa leza. Nne kati yake hukutwa mara nyingi.

Neodimiamu. Hii ndiyo iliyotangulia. Mwaka 1964 Charles Koester na Elias Snitzer, nchini Marekani, walichapisha matokeo ya ukuzaji wa mwanga katika uzi wa kioo uliotiwa neodimiamu. Elementi hii hulishwa kwa mwanga wa nanomita 808 hivi na kutoa mwanga wa karibu na nanomita 1064. Takribani asilimia 24 ya nishati ya kila fotoni iliyofyonzwa hugeuka joto. Kwa leza ndogo hasara hiyo inavumilika. Kwa leza ya kilowati kadhaa ni mzigo mzito.

Iterbiamu. Hii ndiyo dopanti kuu ya leza za uzi zenye nguvu kubwa. Hufyonza mwanga katika nanomita 915 na 976 hivi, na hutoa mwanga kati ya nanomita 1030 na 1080 kwa kawaida. Ikilishwa kwa nanomita 976 na kutoa nanomita 1070, sehemu ya nishati inayogeuka joto ni asilimia 9 tu. Faida ya pili imo katika muundo wake: ioni ya iterbiamu ina viwango vikuu viwili tu vya nishati vinavyohusika. Haina viwango vya juu zaidi ambavyo vingeweza kuunyakua mwanga wa leza njiani, na kwa sababu hiyo inaweza kutiwa kwa ukolezi mkubwa kuliko lanthanidi nyingine nyingi.

Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, walitangaza leza ya uzi mmoja uliotiwa iterbiamu iliyotoa kilowati 1.36 mfululizo. Mwaka 2009 kampuni ya IPG Photonics ilifikia kilowati 10 kwa mwali mmoja wenye umbo safi. Badala ya diodi za nanomita 976, uzi wa mwisho ulilishwa kwa leza nyingine za uzi zenye mwanga wa nanomita 1018. Hesabu inaonyesha sababu. Kwa kilowati 10 zinazotoka katika nanomita 1070, ulishaji wa nanomita 976 huacha joto lisilopungua wati 960 hivi. Ulishaji wa nanomita 1018 huacha wati 510 hivi. Dopanti ni ileile, lakini joto limepungua karibu nusu. Gharama yake ni kwamba iterbiamu hufyonza mwanga wa nanomita 1018 kwa unyonge, hivyo uzi mrefu zaidi unahitajika.

Erbiamu. Hutoa mwanga wa karibu na nanomita 1550, ambao hufyonzwa na sehemu ya mbele ya jicho kabla ya kuifikia retina. Kwa sababu hiyo hupendwa pale mwali unapopita hewani. Wasomaji wa Afrika Mashariki wanaitegemea kila siku bila kuitaja: kebo za baharini zilizofika pwani ya kanda hii, kama vile SEACOM mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010, hukuza ishara zake kwa nyuzi zilizotiwa erbiamu. Hata hivyo, kukuza ishara na kukata chuma ni kazi mbili tofauti. Katika nguvu kubwa erbiamu peke yake hufyonza mwanga wa kulishia kwa kiasi kidogo mno. Ndiyo maana mara nyingi hutiwa pamoja na iterbiamu, nayo iterbiamu hupokea nishati na kuipitisha kwa erbiamu. Mlishano huo una bei yake: kutoka nanomita 976 hadi 1550, asilimia 37 ya nishati ya fotoni hugeuka joto. Tena, nguvu ikizidi, iterbiamu huanza kutoa mwanga wake yenyewe wa karibu na nanomita 1000, na mwanga huo usiotakiwa huweza kuharibu mfumo.

Thuliamu. Hutoa mwanga wa takribani nanomita 1900 hadi 2100, na aghalabu hulishwa kwa mwanga wa nanomita 790 hivi. Kwa hesabu ya fotoni moja kwa moja, ufanisi wake usingeweza kuzidi asilimia 40 kwa leza ya nanomita 2000. Lakini ioni mbili za thuliamu zikikaribiana, ile iliyopokea nishati humgawia jirani yake sehemu, na zote mbili hubaki tayari kutoa mwanga. Fotoni moja iliyoingia huzaa fotoni mbili zinazotoka. Kwa njia hiyo nyuzi zenye ukolezi mkubwa wa thuliamu zimevuka asilimia 60 ya ufanisi.

4. Dopanti saidizi

*Dopanti saidizi* haitoi mwanga wa leza. Kazi yake ni kuitengenezea dopanti tendaji mazingira mazuri, au kurekebisha namna kioo kinavyopinda mwanga. Uzi usiokuwa nayo hauwezi kuhimili nguvu kubwa.

Aluminiamu. Silika safi haiyeyushi lanthanidi vizuri. Ioni zake hujikusanya katika vishada, na ioni za kishada kimoja hupokonyana nishati badala ya kuitoa ikiwa mwanga. Aluminiamu huvivunja vishada hivyo na kuzisambaza ioni. Izingatiwe kuwa aluminiamu iliyomo katika kioo iko katika umbo la oksidi. Msomaji asidhani kwamba ndani ya uzi mna vipande vya metali.

Fosforasi. Nayo husaidia kuyeyusha lanthanidi. Zaidi ya hayo, hupunguza kuingia giza kwa kiini, jambo linaloelezwa katika sehemu ya 5. Katika nyuzi za erbiamu pamoja na iterbiamu, fosforasi huharakisha upitishaji wa nishati kwenda kwa erbiamu na kuizuia isirudi ilikotoka.

Aluminiamu pamoja na fosforasi. Kila moja ikiwa peke yake huongeza uwezo wa kioo kupinda mwanga. Zikitiwa pamoja kwa viwango vinavyolingana, atomu zake huungana katika kioo na ongezeko hilo hupungua sana. Jambo hili ni muhimu, kwa sababu kiini kinachopinda mwanga kupita kiasi hupokea maumbo mengi ya mwali kwa wakati mmoja, na mwali wa leza hukosa usafi.

Germaniamu, florini na boroni. Germaniamu huongeza uwezo wa kioo kupinda mwanga, na hukifanya kiwe tayari kuandikwa vioo vidogo vya ndani kwa miali ya urujuanimno. Florini na boroni hupunguza uwezo huo.

Seriamu. Ni lanthanidi, lakini hapa si dopanti tendaji. Hutiwa ili kupunguza kuingia giza kwa kiini na kuhimili mnururisho. Wakati huohuo huongeza uwezo wa kiini kupinda mwanga, hivyo haina budi kusawazishwa na dopanti nyingine.

5. Ukolezi: kwa nini wingi si nguvu

Ukolezi mkubwa una manufaa ya wazi. Mwanga wa kulishia hufyonzwa ndani ya mita chache, na uzi unaweza kufupishwa. Uzi mfupi hupunguza mtawanyiko wa Raman na wa Brillouin, ambao hukua kadiri mwanga mkali unavyosafiri mbali katika kiini chembamba na huiba nguvu ya mwali au kuirudisha nyuma.

Madhara nayo ni matatu.

La kwanza ni joto. Kiasi kilekile cha nishati kikifyonzwa katika mita chache, joto la kila mita huongezeka. Uzi una umbo linalofaa kupoza, kwa kuwa ni mrefu na mwembamba, na ukolezi mkubwa unaipunguza faida hiyo.

La pili ni *kuingia giza kwa kiini*. Katika nyuzi zilizotiwa iterbiamu, mwanga mkali wa kulishia hujenga polepole kasoro ndani ya kioo zinazofyonza mwanga. Ufyonzaji huwa mkali zaidi katika mwanga unaoonekana kwa macho, lakini mkia wake hufika hadi nanomita 1000 na zaidi, ambako leza hufanyia kazi. Kasoro hizo huongezeka pale ambapo sehemu kubwa ya ioni imejaa nishati. Leza iliyotoa nguvu kamili siku ya kwanza huendelea kupungua nguvu bila sehemu yoyote kuvunjika. Kwa mtambo wa kilowati 10, asilimia 1 tu ya nguvu inayofyonzwa hivyo ni wati 100 za joto ndani ya uzi mwembamba.

La tatu ni *kuyumba kwa mwali*. Nguvu ikivuka kizingiti fulani, joto lililosambaa kwa mistari ndani ya kiini huanza kukipinda kioo kwa namna isiyo sawa, na nishati huhama kutoka umbo kuu la mwali kwenda maumbo mengine maelfu ya mara kwa sekunde. Hali hii ilianza kuripotiwa kwa mapana karibu na mwaka 2010, wakati leza za uzi zilipozidi kuongezewa nguvu. Kuingia giza kwa kiini huleta joto la ziada, na joto hilo hukishusha kizingiti. Kwa hiyo dhara la pili hulizidisha la tatu, na uchaguzi wa dopanti saidizi unakuwa na uzito sawa na uchaguzi wa dopanti tendaji.

Kanuni moja ya ukolezi haitoshelezi dopanti zote. Ujirani wa ioni ni faida kwa thuliamu, lakini kwa erbiamu ni hasara, kwa kuwa ioni zake zikikaribiana mno hupotezeana nishati. Sentensi ya jumla kama *ukolezi mkubwa hupunguza ufanisi* haina budi kutaja dopanti inayozungumziwa.

6. Tofauti na maneno yanayokaribiana

*Dopanti* na *uchafu.* Dopanti hutiwa kwa hiari. Uchafu huingia bila kutakiwa. Mwaka 1966 Charles Kao na George Hockham walionyesha kwamba uchafu ndio uliokuwa ukiuzuia mwanga kusafiri mbali katika kioo, na Kao alipata Tuzo ya Nobeli ya Fizikia mwaka 2009. Katika nyuzi za leza, chembe za chuma, shaba na mabaki ya maji ni uchafu: hufyonza mwanga na kuugeuza joto. Kuiita iterbiamu *uchafu* ni kusema kwamba kilicho moyo wa leza ni kosa la kiwandani.

*Dopanti* na *dawa za kusisimua misuli.* Maneno ya Kiingereza yanayohusika yana shina moja, lakini katika Kiswahili dhana hizi zimetengana kabisa. Neno *dawa* lisitumike katika matini za leza.

*Dopanti* na *kiambato.* Kiambato ni kitu chochote kinachounda mchanganyiko, na silika yenyewe ni kiambato cha uzi. Dopanti ni kiambato cha aina maalumu: ni kidogo kwa kiasi, na kimetiwa kwa shabaha inayojulikana.

7. Matumizi katika sentensi

*Kosa:* Uzi huu una uchafu wa iterbiamu.
*Sahihi:* Uzi huu umetiwa iterbiamu.

*Kosa:* Uzi uliotiwa erbiamu au iterbiamu. (Pale ambapo zote mbili zimo.)
*Sahihi:* Uzi uliotiwa erbiamu pamoja na iterbiamu.
Matini asilia aghalabu hutenganisha majina hayo kwa mkwaju au nukta mbili. Alama hiyo humaanisha ushirika, wala si hiari ya kuchagua.

*Kosa:* Uzi wenye dopanti kali.
*Sahihi:* Uzi wenye ukolezi mkubwa wa dopanti.
Ukali ni sifa ya mwanga. Kiasi cha dopanti hupimwa kwa ukolezi.

*Kosa:* Seriamu huongeza nguvu ya leza.
*Sahihi:* Seriamu hupunguza kuingia giza kwa kiini, na hivyo huisaidia leza kudumisha nguvu yake.
Sentensi ya kwanza inaipa dopanti saidizi kazi ya dopanti tendaji. Mnunuzi wa mtambo anayeisoma hutarajia wati zaidi, ilhali anachouziwa ni uzi utakaochelewa kuchakaa.

*Kosa:* Kioo kilichochanganywa na nanomita 976.
*Sahihi:* Uzi uliotiwa iterbiamu na kulishwa kwa mwanga wa nanomita 976.
Nanomita hutaja urefu wa wimbi la mwanga. Dopanti hutajwa kwa jina la elementi.

Angalizo kwa wafasiri na walimu. Kila jina la elementi linapojitokeza katika matini za leza za uzi, yafaa kuuliza maswali matatu kabla ya kuchagua kitenzi: Je, imetiwa au imeingia yenyewe? Je, inatoa mwanga au inaisaidia inayotoa? Je, matini yanasifu kuwapo kwake au yanaonya juu ya wingi wake? Jibu la swali la kwanza huamua kati ya *kutiwa* na *kuwa na uchafu*. La pili huamua kati ya *tendaji* na *saidizi*. La tatu huonyesha kama neno *ukolezi* linapaswa kutajwa katika sentensi.

*Tazama pia:* diodi, fotoni, ioni, kiini, lanthanidi, leza, mtawanyiko, silika, ukolezi, uzi.